Mshazari wa Kulthum

Kulthum alimkaripia Riyadh kabla hajalijua jina lake. Ilikuwa asubuhi, nje ya soko la Kongowea, mikokoteni ya vitunguu ikigombania njia na wanawake wenye makapu ya mboga, na yeye mkoba ameubana kwapani asije akachomolewa simu. Akainua macho, akaona kijana amepanda ngazi anabandika herufi kwenye kioo cha duka la viatu. Shati lake la samawati lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Watu wote walipita wakaenda zao, lakini Kulthum hakuweza.

"We kaka! Hiyo S umeibandika kichwa chini miguu juu!"

Kijana aligeuka polepole, kama mtu asiyetaka kuanguka kwa sababu ya upuuzi. "S haina kichwa wala miguu, dada."

"Inavyo. Tumbo dogo hukaa juu, kubwa hukaa chini. Yako imejitwika mzigo. Igeuze."

"Kwani weye ndiye mwenye duka?"

"Mimi ndiye mwenye macho."

Akacheka, na kicheko hicho kilimuudhi Kulthum zaidi, maana kijana alikuwa na meno mazuri na hakuona haya kuyaonyesha. Hata hivyo aliibandua ile S, akaigeuza, akashuka, akarudi nyuma hatua nne na kuitazama. "Wallahi sioni tofauti," akasema. "Ila nimekutii. Sasa nambie jina lako, nijue ni nani aniamrishaye mbele za watu."

Akamwambia. Basi mapenzi yao yalianza kwa ugomvi, na kwa miaka miwili hawakuiacha tabia hiyo.

Kazi ya Kulthum ilikuwa kuchora herufi. Si kuziandika, kuzichora: kila moja kwa kompyuta, mstari kwa mstari, chumbani kwake kule Junda, feni ikimpulizia mtandio wake wa zambarau usoni. Mamake, Bi Nadira, aliwaambia majirani kuwa binti yake ni mtu wa kompyuta, kwa kuwa kueleza ukweli kungechukua asubuhi nzima. Kwa miaka mitatu Kulthum alikuwa akichora familia moja ya herufi aliyoiita Mshazari. Hazikuwa na vimkia nchani. Zilikuwa safi, nyembamba kiasi, zimeinama kulia nyuzi kumi na mbili, kama mtu anayetembea kwa haraka bila kukimbia. Alizikusudia ziandikwe kwenye vitu vinavyokwenda: magari, pikipiki, fulana za wachezaji. Mtu azisome akiwa mbali, kitu kikiwa kinampita.

Na kama ulitaka kumkasirisha, ungemwambia kwamba kuinamisha herufi ni kubonyeza kitufe tu. Angekukalisha chini. Angekuonyesha kwamba ukiichukua o iliyosimama wima ukaisukuma kwa kitufe, bega lake la kulia juu linavimba na la kushoto linakonda, na a inabaki na kofia yake ya kizee badala ya kuwa na tumbo moja la duara kama mtu anavyoiandika kwa mkono. Herufi ya mlazo, ile iliyoinama kweli, huchorwa upya yote. Ile ya kusukumwa ni ulaghai, na Kulthum alilitamka neno hilo kwa chuki ambayo wengine huiweka kwa wezi.

Riyadh alikuwa na duka la stika Magongo, upande wa Changamwe, ambako malori ya kontena huja kuandikwa majina ya wenyewe milangoni. Hodari wa mikono, mvumilivu, maneno machache. Kulthum alikuwa akienda kukaa dukani kwake alasiri nzima, amtazame akikata na kubandua. Lakini faili la herufi za Mshazari hakumpa hata siku moja. "Zikiisha," alisema kila mara. "Haziendi kwa mtu mpaka ziishe." Riyadh aliuma meno akanyamaza, na hilo la kunyamaza lilikuwa kosa lake kubwa, kama tutakavyoona.

Kazi ya kwanza ya Mshazari ilitoka kwa akina mama wa Junda na Kiembeni. Walikuwa wamenunua tuktuk sita za kuwawahisha wajawazito hospitalini, na mwenyekiti wao, Bi Mwikali, akataka ubavuni paandikwe "okoa mama" na nambari ya simu. Kulthum akachora, akamtumia Riyadh faili la maandishi hayo tu Jumatano akate. Tuktuk zingezinduliwa Jumamosi. Na Ijumaa ya wiki iliyofuata, wazee wa Riyadh wangefika kwa Bi Nadira na barua ya posa.

Alhamisi jioni simu ikalia.

"Habibty, wafanya nini?"

"Nasogeza r na n. Zimekaribiana mno, ukiwa mbali waona m."

"Wazee wauliza, waje baada ya Alasiri au baada ya Magharibi?"

"Ngoja."

"Nimengoja robo saa, nasikia kipanya tu kwa kwa kwa."

"Riyadh, nikiacha hapa nitapoteza hesabu ya nafasi."

"Kulu, roho yangu." Alikuwa akitania, sauti yake ina tabasamu ndani. "Ni herufi tu. Nani ataona?"

Kulthum alihisi masikio yake yakipata moto. Miaka miwili! Miaka miwili amekaa na mtu huyu, na bado kwake ni herufi tu. "Basi oa asiyeona," akamwambia, akaikata simu, akaiondoa mlio, akaitupa chini ya mto, na hakuitazama tena mpaka Jumamosi ilipopambazuka.

Sherehe ilikuwa mbele ya zahanati ya mtaa. Akina mama wamevaa leso za sare, manjano na nyekundu, tuktuk sita zimepangwa zimefunikwa leso kama maharusi. Riyadh alisimama kando na kofia yake ya vito, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipomwona Kulthum alianza kumjia, naye akampa mgongo.

"Sasa wamama," Bi Mwikali akasema kwenye kipaza sauti, "hizi maandishi zote ni kazi ya msichana wetu wa hapa Junda. Tumpigie makofi!"

Leso zikavutwa. Vigelegele vikapaa. Na Kulthum, mikono ikiwa tayari imeinuka kushukuru, akaona.

Ile a ilikuwa na kofia. Zile o zilikuwa zimevimba bega. Herufi za kawaida kabisa, zile zinazokuja na kila kompyuta, zimesukumwa kwa kitufe. Ubavu kwa ubavu, tuktuk sita, ulaghai mtupu, na watu mia moja wanampigia makofi kwa kitu ambacho hakukifanya. Bi mmoja alimkumbatia. "Nzuri mno, mwanangu, mashallah." Makofi yale yalimchoma kuliko matusi.

Akaenda moja kwa moja kwenye tuktuk ya kwanza, akaingiza ukucha chini ya o, akaikwangua mpaka ikatoka.

"Hizi si herufi zangu!"

Vigelegele vikakatika. Riyadh akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Kulthum, njoo tuzungumze pembeni."

"Pembeni ya nini? Uliniuliza nani ataona. Umeziweka hizi makusudi unionyeshe kwamba hakuna aonaye! Haya, mimi nimeona! Na hawa wote wasikie: huyu fundi ni mlaghai!"

Midomo ya Riyadh ilifunguka. Alikuwa na neno, yeyote angeliona lile neno limekaa pale mdomoni. Akalimeza. Akavua kofia, akaivaa tena, akamgeukia Bi Mwikali. "Niwie radhi, mwenyekiti. Nitazibandua zote, niweke nyingine." Kisha akaondoka kwa miguu, akapita katikati ya leso za manjano bila kumwangalia mtu.

Lakini Kulthum hakuwa amemaliza. Alipofika nyumbani alifungua kwenye simu kundi la mafundi wa mabango wa Mombasa nzima na kuandika: *Msimpe kazi Riyadh wa Magongo. Hubadilisha michoro ya watu.* Akatuma. Kisha akaenda jikoni kwa mamake, aliyekuwa akikuna nazi juu ya mbuzi, miguu kainyoosha.

"Mama, waambie wale wazee wasije na barua."

Bi Nadira hakuacha kukuna. "Wamekosa nini?"

"Mwana wao amenidharau."

"Amekupiga?"

"La."

"Ana mke mwengine?"

"La, Mama! Amebadilisha herufi zangu!"

Sasa mbuzi ikanyamaza. "Kulthum, barua ikisharudishwa mlangoni hairudi tena. Wale ni watu na heshima zao. Wataka kweli?"

"Nataka."

"Basi nipe mpaka kesho adhuhuri. Sitawapigia watu simu na weye wafoka hivyo."

Jumapili asubuhi kundi la mafundi lilikuwa limechafuka. Wengine walimpa pole Kulthum, wengine walisema wamemjua Riyadh miaka kumi na hawaamini. Mmoja, mzee Gershom, aliyechora mabango ya Likoni tangu zama za brashi na rangi, aliandika kifupi tu: *Binti, tuletee faili ulilompa. Tuliweke kando ya picha, tuone.*

Kwa furaha kabisa! Kulthum alifungua kompyuta, akalitafuta faili la Jumatano, akalibonyeza. Alitaka kupiga picha ya kile alichotuma, ailete pale, amzike Riyadh mzima mzima.

Faili likafunguka. Akabonyeza neno "okoa", na kishale kikaanza kupepesa katikati ya k na o, kikingoja aandike.

Alikaa akikitazama kile kishale. Kishale hakitakiwi kuwapo. Kila mchora herufi ajua: kabla hujampelekea mtu kazi, wazigeuza herufi zako kuwa michoro, ziwe maumbo tu. Usipozigeuza, kompyuta ya mwenzako isiyo na herufi hizo huzitafuta, huzikosa, na huweka zake badala, ikaziinamisha yenyewe. Ni jambo la sekunde mbili, na ndilo la kwanza ambalo yeye huwafundisha wengine. Jumatano alikuwa na haraka ya kurudi kwenye r na n zake, akalisahau.

Na kompyuta ya Riyadh ingezipata wapi herufi za Mshazari, kama yeye mwenyewe alimnyima miaka miwili?

Akachukua simu, akaangalia zile simu za Ijumaa ambazo hakuzipokea. Kumi na moja. Na akaukumbuka ujumbe mmoja wa saa kumi alasiri, aliokuwa ameufuta Jumamosi asubuhi bila kuusoma.

Hasira ya Kulthum haikuisha. Iligeuka tu upande, ikamwingia mwenyewe, na humo ndani ilikuwa kali kuliko ilivyokuwa nje. Aliandika kundini: *Kosa lilikuwa langu. Sikuzigeuza herufi. Riyadh hakubadilisha kitu. Nimemsingizia mbele yenu na mbele yenu namuomba radhi.* Akatuma bila kusoma mara ya pili, maana angesoma angelia. Akajitupia buibui, akatia flashi mkobani, akamwambia mamake asimpigie mtu yeyote simu, akatoka.

Duka la Magongo lilikuwa wazi nusu mlango. Riyadh alikuwa ameinama mezani, fulana kuukuu, vumbi la malori limemkalia kwenye nyusi. Alimwona, akaendelea na kazi.

"Kwako duka limefungwa," akasema.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesoma. Ahsante. Funga mlango ukitoka."

"Riyadh, mbona hukusema? Pale pale, Jumamosi! Ulijua!"

Hapo ndipo Riyadh, mtu wa maneno machache, alipopasuka. Alikitupa kisu mezani kikaruka mpaka sakafuni. "Niseme nini? Niseme mbele ya kina mama mia kwamba mwanamke ninayetaka kumuoa hajui kazi yake? Kompyuta iliniambia haina herufi zako, nikakupigia mara kumi na moja! Nikaja mpaka Junda Ijumaa, mamako akanambia umejifungia wafanya kazi, hutaki kuonana na mtu! Tuktuk zazinduliwa kesho yake, nifanye nini, niziache tupu?"

"Ungenipigia makelele mlangoni!"

"Ungefungua?"

Asingefungua, na wote wawili walijua.

"Miaka miwili," Riyadh akasema, sasa kwa sauti ya chini iliyoumiza zaidi. "Fundi wako mimi, mchumba wako mimi, na herufi zako hujanipa. Waniona kama mwizi. Halafu waniita mlaghai."

"Na weye waniambia nani ataona."

"Kwa sababu sioni, Kulthum!" Akapiga kifua. "Nimekaa usiku kucha nazitazama zangu na picha ya zako. Wallahi sioni. Sina macho yako. Nikuongopee?"

Neno hilo lilimkalisha kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa amejiandaa kwa visingizio, hakujiandaa kwa ukweli. Huyu mtu hakuwa akimdharau. Alikuwa haoni, basi, kama wengine wasivyosikia sauti ikipotoka katika wimbo. Na swali lililobaki lilikuwa lake yeye: aweza kuishi na mtu asiyekiona kile ambacho yeye anaishi kwa ajili yake?

Akatoa flashi. "Herufi zote zi humu. Zenyewe, si michoro. Ni zako. Lakini zikate sasa, kina mama wangoja."

Riyadh akaichukua ile flashi. Akaiingiza. Mashine ikaanza kulia, kisu kikipita huku na huku juu ya karatasi nyekundu. Ilipomaliza aliitandaza mezani, akachukua sindano yake, akaanza kubandua mabaki: kuchokoa vipande vya katikati ya a na o, ile kazi inayomtoa matusi kila siku, kwa sababu kipande hukwama pembeni na kuchanika na kuvuta herufi nzima.

Akachokoa cha kwanza. Kikatoka kizima. Cha pili, kizima. Mkono wake ukasimama hewani.

"Hii imefanywa nini?"

"Imekuwaje?"

"Haikwami. Pale juzi, hizo nyingine zilinichanikia mpaka nikataka kulia. Hii yatoka kwa mvuto mmoja." Akafumba macho, akapitisha ncha ya sindano ndani ya tumbo la a, taratibu, kama mtu anayesoma kwa kidole. "Hapa ndani kwenye kona. Kuna kaduara. Kadogo mno. Umekaweka?"

"Nimekaweka kwenye kila kona ya kila herufi."

"Kwa nini? Hakuna atakayekaona."

"Kwa sababu nilikuwa nikikaa kwenye kiti hiki nakuona vidole vyako vikitoka damu," Kulthum akasema, na akakasirika kwa kuwa sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Miaka mitatu nachora, na miwili yake nilikuwa nakuchorea weye. Ulidhani nimekaa hapa naangalia malori?"

Riyadh alifumbua macho. Akachukua kipande cha zile herufi za Jumamosi kilichobaki, akakiweka kando ya cha Kulthum, akavichokoa vyote viwili macho yakiwa yamefumbwa. Akagonga meza upande wa kushoto. "Hii yako." Akavichanganya, akarudia. "Hii yako." Mara ya tatu hakugonga meza, aliushika mkono wa Kulthum.

Jumatatu asubuhi tuktuk sita zilikuwa mbele ya zahanati, na Bi Mwikali aliwaita wanawake wote waliokuwapo Jumamosi, kwa kuwa Kulthum ndiye aliyetaka iwe hivyo. Riyadh alikuwa amepiga magoti anabandika. Kulthum akashika kipaza sauti, uso unamwaka.

"Jumamosi nilimwita fundi wangu mlaghai. Nilisema uongo. Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, naye alijua, akanyamaza ili nisiaibike. Nimekuja kuaibika mwenyewe."

Kisha Bi Mwikali akainua mkono. "Mimi naomba kuuliza. Zile za Jumamosi zilikuwa na shida gani? Sisi tuliona ziko sawa tu."

Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, na Kulthum akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka, na hasira haijaisha. Akashusha kipaza sauti, akaenda akachuchumaa kando ya Riyadh, ubavuni mwa tuktuk ya mwisho.

"Wazee waje Ijumaa," akamnong'oneza. "Baada ya Alasiri."

Riyadh alilainisha a ya mwisho kwa kitambaa. "Waje kweli?"

"Waje. Lakini nina sharti. Usininyamazie tena. Nikikosea, sema."

"Nikisema, utanipigia makelele."

"Nitakupigia," Kulthum akasema. "Weye sema."